Esi mbili zinanimaliza kwenye Omaha: nichague vipi karata za kuanzia?

SWALI

Salaam mwalimu. Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili mkononi, nimeicheza miaka mitatu hapa Mombasa na sijambo. Tangu mwezi uliopita meza yetu ya Ijumaa imehamia Omaha, na mimi nimegeuka mtu wa kuchangia wenzangu. Juzi blaindi (dau za lazima kabla ya mgao) zilikuwa 50 na 100, mbele yangu nina 10,000. Nikapewa esi ya shupaza, esi ya uru, 4 ya pau na 2 ya kopa. Nikapandisha mpaka 350, kikomo cha juu. Wawili wakafuata. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, ikaja 9 ya pau, 8 ya uru, 3 ya shupaza. Nikaweka dau la poti nzima (sawa na pesa zote zilizokwisha kuwekwa katikati), mmoja akatupa karata, mwingine akapandisha, tukaishia kuweka zote. Akafungua J ya kopa, 10 ya pau, 7 ya kopa na 6 ya pau. Hana hata pea! Karata ya nne ikaja Q, nikaenda nyumbani. Mapema usiku huohuo nilikuwa na esi ya kopa, mezani kuna kopa nne, nikadai flashi (karata tano za ua moja), wakanicheka. Je, liko jedwali la karata za kuanzia kama lile la Texas? Na huu ni mkosi tu au kuna ninalokosea?

JIBU

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Si mkosi. Kama kuna mtu angelalamikia mkosi usiku ule ni huyo jamaa yako, endapo Q ile wala nyingine ya kumfaa isingetokea. Nitakuonyesha hesabu yake, lakini tuanze na hizo kopa nne, maana chanzo cha makosa yote mawili ni kimoja.

Omaha unapewa karata nne, na mwisho wa mchezo unatumia mbili kamili za mkononi na tatu kamili za mezani. Si moja na nne, si tatu na mbili. Ukiwa na esi ya kopa peke yake, hata mezani zingelala kopa tano, flashi huna. Unahitaji kopa mbili mkononi. Anayetoka Texas hulijua hilo kwa kichwa lakini macho yake bado hayajazoea. Wala usione haya. Mchezo huu ulipoingia kasino ya Golden Nugget, Las Vegas, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenyewe waliuita Nugget Hold'em, na mpaka leo watu hukaa mezani wakidhani ni Texas iliyoongezwa karata mbili.

Sasa zichukue karata nne na uzihesabu mbili mbili. Utapata michanganyiko sita. Yaani kila mtu mezani ana mikono sita ya Texas kwa wakati mmoja, na swali la kuanzia si "nina karata gani kubwa?" bali "ni mingapi kati ya sita hii inafanya kazi?" Andika ya kwako: esi na esi, huo mmoja ni mzuri. Esi na 4, mara mbili. Esi na 2, mara mbili. 4 na 2. Hakuna hata mmoja wa ua moja, kwa hiyo flashi umeshaifuta kabla mchezo haujaanza. Umeingia na mkono mmoja wa maana na mitano ya kusindikiza.

Jamaa yako je? J na 10: nzuri. 10 na 7, 7 na 6: zinashikana. J na 7 zote kopa, 10 na 6 zote pau, kwa hiyo ana milango miwili ya flashi. Karata za maua mawili hivi, mbili kwa mbili, huja kama mara 13 au 14 katika kila migao 100, na ndizo zinazofanya karata za kawaida zionekane kama za mfalme.

Twende kwenye flopu, maana hapa ndipo penye utamu. Mezani kuna 9, 8, 3. Wewe una esi mbili, yeye hana kitu. Lakini hesabu karata zinazompa mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana. Q zote nne: anatumia J na 10. J tatu zilizobaki: anatumia 10 na 7. 10 tatu: J na 7. 7 tatu: J na 10. 6 tatu: 10 na 7. 5 zote nne: 7 na 6. Jumla karata 20. Yeye anaona karata saba (nne zake na tatu za mezani), zimebaki 45 asizozijua, na bado karata mbili zinakuja. Uwezekano wa kukosa zote mbili ni 25 kwa 45 mara 24 kwa 44, yaani kama asilimia 30. Kwa lugha nyingine, asiye na hata pea ndiye aliyekuwa mbele, karibu 70 kwa 30. Uliposukuma poti nzima ulikuwa unamtajirisha.

Nikusaidie na kitu ambacho huenda hata yeye hakijui. Zile 20 si sawa zote. Ikishuka Q, 7, 6 au 5 anakuwa na mfululizo mkubwa kuliko wote unaowezekana, ule wachezaji wanaouita natsi. Hizo ni 14. Ikishuka J au 10, yaani zile 6 zilizobaki, anapata mfululizo unaoishia J, ilhali mwenye Q na 10, au Q na J, anao unaoishia Q. Kwenye Texas mfululizo wa pili kwa ukubwa unakulipa. Kwenye Omaha, ambapo meza ya watu sita ina michanganyiko 36, mtu anayekulipa poti nzima wakati wewe una wa pili mara nyingi ndiye mwenye wa kwanza. Ndiyo maana J-10-7-6, pamoja na ubishi wote iliokufanyia, mimi huiita karata ya daraja la pili: pengo lake liko katikati. Angekuwa na Q-J-10 na karata ya nne isiyosaidia, angekuwa na karata 13 tu za kumkamilishia, lakini zote 13 zingempa natsi.

Esi zenyewe basi tuzifanyeje? Texas esi mbili huja mara moja kati ya 221; Omaha, mara moja kati ya 39. Si wageni wa heshima kiasi hicho tena. Na huwezi kuzilinda kwa kusukuma rundo zima, kwa sababu Omaha kwa kawaida huchezwa kwa kikomo cha poti. Ile 350 yako ilitoka hapa: blaindi mbili ni 150, ukilipia 100 zinakuwa 250, na hiyo 250 ndiyo unayoruhusiwa kuongeza juu. Wawili wakafuata, poti ikawa na kama 1,200, na wewe bado una 9,650 mbele yako. Umeshamtangazia kila mtu kwamba una kitu kikubwa, na pesa karibu zote bado hazijaingia. Kwa bei hiyo, kukufuata kuangalia flopu ni rahisi mno.

Kanuni ninayoifundisha ni hii: kama mmepandishana kiasi kwamba unaweza kuingiza theluthi ya rundo lako au zaidi kabla ya flopu, ingiza bila kusita, hata kama esi zako ni kavu kama hizo. Kama haiwezekani, zicheze kama pea ya kawaida yenye matumaini ya kupata esi ya tatu, jambo ambalo hutokea kwenye flopu kama mara 12 kwa 100. Esi zenye marafiki ni habari nyingine. A-A-K-K ya maua mawili wengi huihesabu kuwa ya juu kuliko zote. A-A-J-10 ya maua mawili iko karibu yake kabisa, kwa sababu ina esi, ina flashi mbili zinazoongozwa na esi, na ina mfululizo.

Kuhusu jedwali: Texas ina michanganyiko 1,326 ya kuanzia, na ukipuuza majina ya maua inabaki 169, inaenea kwenye karatasi moja. Omaha ina 270,725. Ukipuuza maua bado ni 16,432. Atakayekuuzia jedwali la kukariri anakuuzia karatasi. Jifunze kuuliza karata zako maswali badala yake.

La kwanza ni kama zinashikana. J-10-9-8 na K-Q-J-10 ni mali. Zikiwa na pengo, heri liwe chini, kama J-10-9-7, kuliko juu, kama J-9-8-7, kwa sababu pengo la juu linakuachia mifululizo ya upande mdogo, ile ya kulipia wenzako. Kwa sababu hiyohiyo 5-4-3-2, ingawa imepangika kama ngazi, ni mtego.

La pili ni kama ua lako lina kichwa. Esi na karata nyingine ya ua lake hubeba mkono mzima. Flashi ya 8 na 6 hukupa furaha ya dakika mbili tu. Na usifurahie ua moja zikiwa nne. Kopa nne mkononi zinakuachia kopa 9 tu za kutafuta kwenye pakiti badala ya 11, na wewe mwenyewe ndiye uliyezificha.

La tatu, tafuta mkia. K-Q-J-3 inapendeza ukiitazama kwa haraka, lakini 3 haisaidiani na yeyote. Kati ya michanganyiko sita, mitatu ina hiyo 3 ndani yake. Umekubali kucheza na mitatu dhidi ya watu wenye sita. Wanafunzi wangu wengi hupotezea hapa zaidi ya penginepo, na ndipo wanapobisha zaidi.

Halafu pea ndogo. 4-4 ikipata 4 ya tatu Texas unaanza kuhesabu faida; Omaha unaanza kuomba mwenzako asiwe na 9 tatu. Karata tatu zinazofanana mkononi ni mbaya zaidi kwa sababu umebakiwa na moja tu ya kutafuta, na zikiwa nne hakuna hata ya kuombea: mgao wa 2-2-2-2, unaomfanya mgeni aruke kitini, ndio mbovu kuliko yote kwenye mchezo.

Kwa mazoezi, chukua pakiti nyumbani, jigawie nne nne, na kwa kila mgao taja michanganyiko sita kwa sauti kabla ya kuamua. Fanya migao 50 kwa siku. Baada ya wiki utaona mikia bila kuitafuta. (Kwetu wengi tulilelewa na poka ya mtaani, ile ya kushindania kumaliza karata mkononi na kupiga kelele "niko kadi", kwa hiyo kuzitazama karata kama ukoo badala ya kuzihesabu moja moja si kigeni sana.) Viti vya mbele cheza zile zinazoshikana zote nne tu, ukiwa wa mwisho kuamua unaweza kulegeza kidogo, J-10-7-6 ya maua mawili ikiwemo.

Jambo moja nakuomba uulize mezani. Ipo Omaha ya kugawana poti kati ya karata za juu na za chini, ya "nane au pungufu". Huko A-A-4-2 ni karata nzuri kweli, kwa sababu esi na 2 hutafuta nusu ya chini huku esi mbili zikitafuta ya juu. Kama ushauri uliousoma ulisifia esi zenye vidogo, huenda ulikuwa wa mchezo huo, nawe umekwenda kuutumia kwenye mwingine.

Na Ijumaa ukipewa tena esi mbili kavu na flopu ikawa 9-8-3 mbele ya watu wawili, gonga meza, usiweke kitu. Mtu akipiga dau la 1,200, tupa. Hiyo 350 iache iende, ile 9,650 ndiyo utakayochezea mgao unaofuata.