Dudu, duka, kaka: barua kwa mwanangu aliyekwama

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, na maji yamerudi tangu Alhamisi.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni, kwa maana sikudhani itafika siku uniulize mimi swali la gemu, hii yetu ya kupiga ngoma kwenye kompyuta. Mara ya pili sikucheka, niliona umeumia. Umeandika: "Mathe, miaka miwili sasa, masaa matatu kila usiku, na bado alama zangu ni asilimia 91 kwenye nyimbo za Oni, zile ngumu. Wewe ulianza hata kipanya hujui kushika. Ulifanyaje? Ama mimi sina kipaji?"

Hilo la kipaji tuliweke kando kwanza, nitalirudia nikipata nguvu.

Unakumbuka tulivyoanza? Machi 2020 chuo kimefungwa, umerudi na laptopu na begi la nguo chafu. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na ofisini kwetu tukaambiwa tungoje nyumbani. Wewe ulikuwa unacheza osu!, hiyo gemu ya kufuata mapigo ya muziki, usiku kucha, mimi nalalamika kuhusu kelele. Ndipo ukaniita, ukafungua ile sehemu ya ngoma, ukasema, "Hii itakufaa wewe wa kwaya." Maelezo yako yote yalikuwa ya dakika moja. Maduara yanatoka kulia kwenda kushoto. Jekundu, piga katikati ya ngoma, kitufe cha X au C. La buluu, piga ukingoni, Z au V. Likija kubwa, piga viwili pamoja. Ukaniambia ngoma hiyo ni taiko ya Kijapani, na kwamba mchezo wenyewe unafuata mashine za Taiko no Tatsujin zilizotolewa na Namco kule Japani mwaka 2001. Halafu ukaenda kulala ukaniacha nayo.

Nami nikajiambia: nimepiga kayamba kanisani zaidi ya miaka ishirini, vimaduara hivi vitanishinda? Vilinishinda. Nilianguka kwenye Kantan, ambayo ndiyo ngazi ya watoto. Ulipoamka ukanisomea ngazi, kutoka rahisi kwenda ngumu: Kantan, Futsuu, Muzukashii, Oni. Oni ni zimwi, ulisema. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikunijua kabisa.

Sasa swali lako. Kabla ya lolote, niambie unasikilizia nini. Kama ni vile visikizi vidogo visivyo na waya ulivyonunua na mshahara wa kwanza, vitoe. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyepoteza miezi minne. Ulipoondoka nilienda Luthuli nikanunua spika ya Bluetooth ili nisikie besi vizuri. Nikifuata sikio, gemu inasema nimechelewa. Nikifuata jicho, naona kama napiga nje ya wimbo. Nikadhani ni uzee. Jioni moja spika ikaisha chaji, nikachomeka hedifoni za waya, zile za kuuziwa dirishani mwa matatu, na siku hiyohiyo nikapanda kutoka asilimia 84 hadi 90. Sauti ya Bluetooth huweza kuchelewa milisekunde 100 hadi 200. Kwenye nyimbo zetu za ukali wa 5, yaani kipimo cha gemu inavyobana muda wa kupiga, ukipiga ndani ya milisekunde 35, mapema au baadaye, unapata alama kamili. Ukipita hapo hadi 80 unapata nusu. Kwa hiyo mimi nilikuwa naimba na kwaya iliyosimama chumba cha pili. Na hata ukiwa na waya, kuna mahali kwenye mipangilio pa kusogeza sauti mbele au nyuma kidogo. Kaa hapo robo saa, usiwe na haraka.

Ukishafanya hivyo, fungua tena picha uliyonitumia. Maduara 1,000. Umepata kamili 850, nusu 120, umekosa 30. Ujumbe wako wote ulilia kuhusu yale 30, ati yanakuvunjia mfululizo, ati karibu uivunje kibodi. Hebu piga hesabu kama mtoto wa karani. Yale 30 yamekugharimu alama 30. Yale 120 ya nusu yamekugharimu 60. Wewe unamfukuza mwizi wa kuku na ng'ombe wanatoka kwa mlango wa nyuma.

Na chini ya picha kuna ile namba ambayo nadhani hujawahi kuiangalia, inayopima mkono unavyoyumba. Yako ni 240. Igawe kwa kumi: mapigo yako yanatawanyika kwa milisekunde 24 hivi kila upande, na mengine zaidi. Yangu 2020 ilikuwa 260. Siku hizi nikiwa nimelala vizuri ni 120 na kitu. Ukiniuliza nilichofanya miaka yote hii, ndicho hicho: niliishusha namba ile. Nyimbo ngumu zilifunguka zenyewe nikiwa sizitazami.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo kabla hujazaliwa. Mwaka 1991 nilikuwa chuo cha uhazili hapa mjini, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Mwalimu wetu alitufunika mikono na kitambaa, akagonga rula mezani, nasi tunapiga herufi moja kwa kila kugonga. Asdf, asdf, wiki mbili nzima. Sisi wasichana tulitaka kasi, maana kazi zilitangazwa kwa maneno kwa dakika. Lakini taipureta ile ya chuma haikukubali uongo. Ukiharakisha herufi moja ikaikuta nyenzake haijarudi, vile vikono vinagongana, vinashikana, unasimama kuvitenganisha na wino umejaa vidoleni. Aliyepiga sawasawa, hata polepole, alimaliza ukurasa kabla ya mwenye mbio.

Gemu yako haishikani. Ukipiga vibaya inakupa nusu, inakuacha uendelee, muziki unalia, unahisi uko sawa. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza miaka miwili akirudia kosa lilelile kwa bidii. Hata sikulaumu, mimi mwenyewe nililifanya hadi mwisho wa 2020.

Nilichofanya ni kushuka, na kushuka kunauma. Nilikuwa tayari nimeonja Oni, nimewatambia wamama wa chama ambao hawakuelewa kitu, kisha nikarudi Muzukashii. Nikajiwekea sharti: sipandi mpaka wimbo unipe 98 siku tatu tofauti. Si mara tatu usiku mmoja, siku tatu. Mwaka wa 2021 karibu wote uliishia hapo. Sikukuu ya Mashujaa ikafika, kafyu ikaondolewa, watu wanapiga honi barabarani, mimi bado niko Muzukashii.

Huko chini ndiko nilikojifunza kusikia kama nimewahi au nimechelewa kabla skrini haijaniambia. Nilikuwa napiga kisha najisemea kwa sauti: mapema, mapema, sawa, nyuma. Karibu kila mara ilikuwa mapema, hasa maduara yakiwa mengi. Ni tabia ya kwaya, sisi wa kayamba wimbo ukinoga tunaukimbiza hadi padri anatuangalia. Nina hakika hata wewe unakimbia. Wimbo wako una mapigo 150 kwa dakika, na pale katikati kuna maduara manne kwa kila pigo. Hiyo ni 10 kwa sekunde, milisekunde 100 kutoka moja hadi jingine. Ukiogopa rundo likija, unaliwahi. Angalia ule mstari mdogo unaoonyesha makosa, uone kama alama zako hazijajazana upande mmoja.

Kusoma rangi ni jambo lingine, na hapa najisifu kidogo. Niliona siwezi kusoma duara moja moja, sawa na vile karani hasomi k, w, a bali mkono unaandika "kwa" kwa mkupuo. Basi nikayapa sauti: jekundu ni du, la buluu ni ka. Mawili mekundu yakawa dudu. Mawili ya buluu, kaka. Jekundu likifuatwa na buluu, duka. Mekundu matatu na buluu moja ni dudu duka. Nilikuwa nayaimba nikikatakata sukuma: dudu, duka, kaka, duka. Jirani aliuliza kama nimefungua duka. Lakini baada ya miezi kadhaa nilikuwa naona maneno yakija kwenye skrini, si vitone, na neno zima linapigwa kama kitu kimoja.

Mikono ilinichelewesha zaidi. Nilianza kama wengi, mkono wa kulia unafanya kazi zote na wa kushoto unasaidia ukilemewa. Inakupeleka mpaka mahali fulani, kisha mkono unachoka na hapo ndipo ukuta. Mwaka 2022 nikaamua kubadilishana kila duara, kulia, kushoto, kulia, kushoto, rangi iwe ipi. Alama zangu zikaporomoka hadi nikaona aibu mwenyewe. Shida ni mafungu ya matatu: ukimaliza "duduka" ulioanza na kulia, fungu linalofuata linaanza na kushoto, na akili inakataa kabisa. Ilichukua kama miezi mitano kurudi nilipokuwa. Sikushauri ulifanye kwa sababu mimi nilifanya, wapo wanaofika mbali sana na mkono mmoja ukiongoza. Ila ukiliamua, usilipime kwa wiki mbili.

Mwaka huohuo kifundo cha mkono kiliniuma, unakumbuka nilivyokuwa sifungui hata chupa ya mafuta. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani nikaona haya kusema. Chanzo kilikuwa ile taipureta. Kitufe chake lazima ukipige kwa nguvu ndipo herufi ishike karatasi, nami nilikuwa naipiga kibodi yako vivyo hivyo, miaka thelathini baadaye. Wiki sita sikucheza. Niliporudi nilianza kugusa tu, kama mtu anayeonja uji kama ni wa moto, na kwa kweli nikawa na kasi zaidi. Kwa hiyo masaa yako matatu hayanifurahishi. Mimi hucheza dakika arobaini, nikisikia bega linapanda kuelekea sikio naacha. Na jambo ambalo limenitokea mara nyingi mno kuliita bahati: mahali paliponishinda usiku mara ishirini, asubuhi kabla ya chai napita.

Umeona nimezunguka kulikimbia lile la kipaji. Sijui nikwambie nini. Wapo watoto wa miaka kumi na minne wanaofanya mambo ambayo vidole vyangu havitayafanya hata nikiongezewa umri. Nyimbo za mapigo 200, maduara zaidi ya 13 kwa sekunde, mimi nazitazama tu kama mtu anavyotazama mvua. Lakini wewe hukuniuliza kuhusu mapigo 200. Umeniuliza kuhusu 150 na namba ya 240, na hiyo mimi nimeishi nayo, naijua ilivyo.

Toa hivyo visikizi. Cheza wimbo uleule mara moja tu, usirudie, unitumie picha pamoja na ile namba ya chini.

Nami nilikuwa nikutumie yangu. Juzi usiku nimeupiga ule wa mapigo 180 ulionikataa tangu mwaka juzi, asilimia 97, bila kukosa hata duara moja. Unajua betri ya laptopu yako ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Nilikuwa nimenyoosha mkono nichukue simu nipige picha, stima ikapotea plot nzima. Nimekaa gizani kama nusu saa nikimwambia dadako, naye anasema mathe, tulale.

Mamako