Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Anakwenda Kwenye Mlango wa Wafu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anayesoma chuo kikuu hapa Dar es Salaam amepata kazi ya msimu, kuanzia Juni hadi Agosti, katika hoteli moja iliyoko kaunti ya Door, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Nilipotazama ramani niliona ardhi nyembamba kama kidole iliyochomoza ndani ya ziwa kubwa. Naomba kuelezwa kaunti ni kitu gani, ziwa hilo likoje ukililinganisha na Victoria, na watu wa huko ni watu gani. Baba yake, ambaye amefanya kazi ya boti miaka mingi pale Feri, ameona kwenye ramani hiyo mlango wa maji wenye jina linalotaja kifo, na tangu siku hiyo anatikisa kichwa tu. — Mama wa watoto watatu, Tabata.

JIBU: Mama yetu wa Tabata, tunakushukuru kwa swali lako, na tunaomba tuanze na wasiwasi wa baba, kwa sababu jina lililomshtua ndilo lililoipa kaunti nzima jina lake. Door ni neno la Kiingereza lenye maana ya mlango. Mgeni anaweza kudhani ni mlango wa nyumba, lakini sisi wa pwani tunajua kwamba mlango ni pia njia ya maji inayopita kati ya nchi kavu mbili, na hiyo ndiyo maana inayohusika hapa. Kati ya ncha ya rasi hiyo na kisiwa cha Washington kuna mlango ambao Wafaransa waliokuja kufanya biashara ya ngozi za wanyama waliuita Porte des Morts, yaani Mlango wa Wafu. Masimulizi ya wenyeji wa asili, ambayo hayafanani katika kila kinywa, yanataja kikosi cha wapiganaji kilichozama hapo na mitumbwi yao. Baadaye zikaja meli za tanga zilizobeba mbao na nafaka, na nyingi kati yake zilipotea katika eneo hilo, kwa kuwa maji ya ghuba na maji ya ziwa hukutana na kufanya mikondo isiyotabirika, upepo hugeuka ghafla, na chini kuna miamba na mafungu yasiyoonekana. Ndiyo maana minara ya taa ni mingi huko. Ule wa kisiwa cha Rock, ambao kituo chake kilianza mwaka 1836, ndio wa kwanza katika jimbo zima la Wisconsin.

Kuhusu kaunti, hiyo ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo, na kwa ukaribu tunaweza kuifananisha na wilaya, isipokuwa wakazi wenyewe humchagua kwa kura hata mkuu wa polisi wao, anayeitwa sherifu. Wisconsin ina kaunti 72. Makao makuu ya Door yako Sturgeon Bay, mji wenye viwanda vya kuunda na kukarabati meli.

Ziwa Michigan lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 58,000, kwa hiyo ni dogo kuliko Victoria yetu yenye takriban 68,800, lakini kina chake hufika mita 281 wakati Victoria haizidi sana mita 80. Rasi ya Door ina ziwa lenyewe upande wa mashariki na ghuba ya Green Bay, ambayo ni mkono wa ziwa hilohilo, upande wa magharibi. Ukihesabu na maji yaliyo ndani ya mipaka yake, karibu sehemu nne kati ya tano za kaunti hiyo ni maji. Nchi kavu yake ni kilomita za mraba zipatazo 1,250, yaani pungufu kidogo tu ya mkoa wetu wa Dar es Salaam wenye 1,393. Sasa linganisha watu: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa wetu, wakati sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu 30,066 tu katika kaunti ya Door. Binti aliyezoea Tabata atakutana na ukimya ambao hajawahi kuusikia, na ni vyema ajiandae nao mapema kama anavyojiandaa na baridi.

Jiwe la huko litamkumbusha nyumbani. Uti wa mgongo wa rasi ni ukingo wa miamba ya chokaa ngumu unaozunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini hadi kwenye maporomoko ya Niagara. Miamba hiyo ilijengeka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita chini ya bahari ya joto yenye matumbawe, kwa hiyo magenge atakayoyaona upande wa ghuba yana asili ya bahari kama mawe ya matumbawe ya ufukwe wetu, ingawa yale ni ya kale zaidi sana. Udongo ulio juu yake ni haba lakini haushiki maji, na ubaridi wa ziwa huchelewesha maua ya miti mpaka jalidi ya majira ya kuchipua ipite. Kwa sababu hizo mbili, rasi hiyo ilipata sifa kwa matunda ya cheri, aina chachu inayoitwa Montmorency. Zamani yalichumwa kwa mikono, na waliochuma walikuwa familia za wenyeji wa asili wa kabila la Oneida, familia za asili ya Meksiko zilizosafiri kutoka Texas, na mwaka 1945 hata wafungwa wa vita Wajerumani. Kwa hiyo mgeni wa msimu si jambo jipya huko. Binti yako anaingia katika safu ndefu ya watu walioijenga kaunti hiyo kwa jasho bila kutajwa sana.

Hapo ndipo tunapofika kwa watu wenyewe, na tunaomba usimwambie kwamba anakwenda kwa Wazungu ukaishia hapo. Kwanza, ardhi hiyo ilikuwa ya watu wa Menominee, Ho-Chunk na Potawatomi, ambao waliiachia serikali kwa mikataba ya miaka ya 1830, na wengi wakasukumwa mbali. Chifu Simon Kahquados wa Potawatomi alizikwa mwaka 1931 ndani ya hifadhi ya Peninsula, katika nchi ya mababu zake, mbele ya umati mkubwa. Akipata siku ya mapumziko, binti yako azuru kaburi hilo kabla ya kwenda ufukweni.

Kusini mwa kaunti wapo wazao wa Wabelgiji waliofika kuanzia mwaka 1853, na vijiji vyao vinaitwa Brussels na Namur kama miji ya kwao. Lugha yao ilikuwa Kiwaluni, ambayo wazee wachache waliendelea kuizungumza hadi miaka ya karibuni. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871, usiku uleule Chicago ilipoungua, moto mkubwa wa msitu ulipita pande zote mbili za ghuba. Upande wa Door uliteketeza kijiji cha Williamsonville na wakazi wake wengi. Wabelgiji walipojenga upya, wengi waliacha magogo wakatumia matofali mekundu, na nyumba hizo zenye dirisha la duara juu ya ukuta wa mbele, pamoja na vikanisa vidogo vya kusalia kando ya barabara, bado zinasimama.

Kaskazini ni habari nyingine. Ephraim ilianzishwa mwaka 1853 na Wanorwe wa kanisa la Moravian, na pombe haikuuzwa humo mpaka wakazi walipopiga kura mwaka 2016. Kisiwa cha Washington kilipokea vijana wa Iceland mwaka 1870, na jumuiya yao ni miongoni mwa za kale zaidi za Waiceland nchini Marekani.

Leo nusu ya wakazi wana umri unaozidi miaka 50, wengi wakiwa wastaafu, na ndiyo sababu hoteli hutafuta vijana kutoka nje kila kiangazi. Usafiri wa umma ni haba, hivyo aulize mapema umbali kati ya malazi na kazi. Chakula hakitamshinda: mlo wao maarufu ni mchemsho wa samaki, viazi na vitunguu unaopikwa nje kwa kuni, na mwishoni mpishi humwagia moto mafuta ya taa ili sufuria ifurike na povu la mafuta ya samaki limwagike.

Na baba yake umwambie hivi: meli kubwa hazilazimiki tena kupita kwenye mlango ule, kwa kuwa kati ya mwaka 1872 na 1881 ulichimbwa mfereji pale Sturgeon Bay. Lakini pantoni ya magari huuvuka mlango huo kwa takriban nusu saa, kiangazi na hata Januari, ikivunja barafu.