Pwani, ufukwe au mwambao?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Naandika tasnifu juu ya mabadiliko ya pwani ya Pemba kwa kutumia picha za setilaiti. Kila nilipoandika "mstari wa pwani" msimamizi wangu kakata kaweka "ufukwe". Lipi sahihi? (Mwanafunzi, Wete)

Jibu: Marahaba. Ufukwe ni mchanga. Ukifika penye mikoko au jabali la matumbawe, hapana ufukwe tena, na Pemba ina vyote viwili kwa wingi. Msimamizi wako kaubana utafiti bila ya kukusudia. Neno lenyewe halina kosa mahali pake: utafiti mmoja wa 2018, uliopitia picha za 1984 hadi 2016, ulipima fukwe hasa, za dunia nzima. Ulikuta asilimia 24 zinaliwa na bahari kwa zaidi ya nusu mita kwa mwaka, na asilimia 28 zinaongezeka. Anayeandika "robo ya pwani za dunia zinaliwa" katia chumvi, maana mchanga ni asilimia 31 tu ya pwani zisizo na barafu.

Mwambao uache. Huo ni ukanda mzima, na miji na watu wake.

"Mstari wa pwani" ni sawa, lakini mstari upi? Pwani imetokana na kupwa: mama anayekwenda pwani kuokota kombe anafuata pale maji yalipotoka. Bamvua letu, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka karibu mita 4, na penye tambarare, mathalani Paje kule Unguja, maji hukimbia mbali kweli. Setilaiti haingoji maji, hupita kwa saa yake. Ukilinganisha picha ya maji kujaa na ya maji kupwa, utadhani kisiwa kimekua! Ndiyo maana watafiti hawatosheki tena na picha mbili, ya zamani na ya leo. Tangu hazina ya picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ilipofunguliwa bure mwaka 2008, wengi hupanga picha kwa mamia na kusahihisha athari ya kujaa na kupwa. Wengine huyaacha maji, wakafuata mpaka wa mimea.

Kwa hiyo rejesha "mstari wa pwani", na ukurasa wa mwanzo useme kama ni alama ya maji kujaa au mpaka wa mimea. "Mmomonyoko" usiuweke kwenye kichwa cha tasnifu kabla hujapima. Huenda sehemu nyengine mchanga umeongezeka.