Saa yenye sura ya kikale: tazama mgongo kabla ya uso

Wengi wanaotembelea kasri la Lord Egerton kule Ngata, njia ya Njoro, hurudi mjini Nakuru wakitamani kitu cha sura ile nyumbani. Jengo lile lilianza kujengwa 1938 na kukamilika 1954, kwa kipimo cha bwana mwenye ardhi na pesa. Sebule zetu za Section 58 na Lanet hazina nafasi ya saa ya kusimama ya mita mbili. Saa ya ukutani yenye sura hiyo, hiyo inawezekana kabisa. Ila ukifika dukani, igeuze kwanza.

Katika saa za kale, kila sehemu ilikuwa na kazi. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulamu, yaani kijiti chenye kizito kinachobembea ndani ya saa, mwaka 1656. Baadaye ikaja pendulamu ya karibu mita moja, ambayo kila bembea moja ni sekunde moja, na ndiyo iliyolifanya sanduku liwe refu vile: pendulamu ilihitaji mahali pa kubembea na vizito vinavyoendesha mashine vilihitaji mahali pa kushukia.

Saa nyingi za sura hiyo zinazouzwa leo zina kisanduku cha plastiki mgongoni na betri ndogo. Pendulamu husukumwa na sumaku tu. Ukiing'oa, mishale inaendelea na safari yake. Hakuna ubaya hapo. Ninayo moja sebuleni na ninaipenda sana. Ninachokataa ni mtu kulipishwa bei ya saa ya kukazwa kwa ufunguo. Ukiambiwa mapambo yake ni shaba ya manjano, sogeza sumaku karibu: ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi.

Uso pia unasema mengi. Saa nyingi za zamani zenye namba za Kirumi huandika nne kwa vijiti vinne, IIII, pale tunaposoma saa kumi. Nikiona hivyo kwenye saa mpya, najua aliyeichora aliwahi kuzitazama za kale kwa makini.

Kama una fundi seremala unayemwamini, njia ninayoipenda zaidi ni kumpa kazi ya sanduku na uso, kisha ununue mashine peke yake. Pima unene wa ubao kabla ya kununua mashine, kwa sababu msumari wake wa katikati lazima upenye ubao na ubakize nyuzi za kufungia nati. Mishale mirefu inataka mashine yenye nguvu. Mashine ikiwa dhaifu, au betri ikichoka, utauona mshale wa sekunde ukirukaruka mahali pamoja upande wa kushoto, unataka kupanda na hauwezi.

Dada yangu anaishi Kisumu, na kule unyevu wa ziwa ni jambo la kuhesabu. Chagua mbao halisi iliyopakwa vanishi pande zote, hata mgongoni. Ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa hufura pembeni, na ule utandu wa juu unabanduka.

Ukibahatika kupata saa ya kale ya kweli, usiseme mbovu kwa kuwa inachelewa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na ikweta, na ikachelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku. Mvutano wa dunia ni mdogo huku kwetu kuliko Ulaya, na Nakuru iko juu pia, kwa hivyo pendulamu iliyorekebishwa Uingereza hubembea polepole ikifika hapa.

Itundike kwenye skrubu nene iliyoingia ukutani sawasawa, kisha usikilize. Mlio wa kwenda na wa kurudi lazima uachane kwa nafasi sawa. Ukisikia mmoja unamfukuza mwenzake, sogeza sehemu ya chini ya sanduku kidogo kushoto au kulia mpaka ilingane. Hapo ndipo ukaze nati iliyo chini ya pendulamu ili kizito chake kipande juu kidogo, uiache siku nzima usiku na mchana, uilinganishe na simu, urudie. Ikianza kukimbia, legeza nusu ya ulivyokaza.