Ada ikilipwa na tumbo likasahaulika, usiondoke

Binti anayemaliza shahada ya sheria pale chuo cha SAUT, Malimbe, Mwanza, ameniandikia wiki hii. Chuo kimoja cha Uingereza kimemsamehe ada yote ya LLM, yaani uzamili wa sheria. Anauliza: "Dada, ndugu wakinichangia ya chumba na chakula, niende?"

Nimeumia kuisoma, maana barua kama hiyo niliwahi kuishika. Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Aliposikia mwanawe hadaiwi ada, alitangaza mpaka kanisani. Mjomba akaahidi, baba mdogo akaahidi, kamati ikaundwa kama ya harusi. Kisha tukasoma masharti ya viza: uonyeshe fedha za kujikimu za hadi miezi 9, ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo, na mshahara unaotegemea kuupata ukishafika hauhesabiwi. Michango haikufika hata robo. Nikakiomba chuo msaada wa malazi. Nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba nafasi yangu atapewa mwingine. Bado inaniuma, hasa kwa sababu mama ndiye aliyebaki akiulizwa sokoni, "Vipi, mwanao hajaondoka?"

Nilirudi kazini. Baadaye nikaomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wakanichukua: ada, nauli ya ndege, viza, posho ya kila mwezi, vyote juu yao. Sikumpigia mama simu kuomba hata shilingi. Najivunia hilo kuliko cheti chenyewe.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Malimbe tulizoea bumu, ile posho ya Bodi ya Mikopo, litulishe na kutupangia chumba, ndiyo maana tukiona "ada imelipwa" tunadhani mengine yatafuata. Hayafuati yasipoandikwa. Kabla hujasoma jina la chuo, soma kinacholipwa. Fedha za kujikimu zisipotajwa, pita. Na hao wanaokwambia nenda tu, Mungu atafungua njia huko huko, waulize wao watachangia shilingi ngapi. Mungu ametupa na akili ya kupiga hesabu.

Chevening kwako bado, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, yaani saa 2,800. Ila Kituo cha Tanzania na Ujerumani, TGCL, kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2008, na kimesomesha wanasheria wa Afrika Mashariki kwa fedha za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo. Usikidharau kwa kuwa hakuna ndege ya kupanda. Halafu kuna Jumuiya ya Madola: ufadhili wao wa uzamili hulipa ada, nauli na posho. Ukipata daraja la pili la juu, omba. Wanamtaka mtu ambaye bila wao asingemudu kusoma Uingereza, na huyo ni wewe, kwa hiyo usione haya kuandika nyumbani kwenu kunaingia nini kwa mwezi.

Hicho chuo kiandikie leo, uwaombe nafasi yako isogezwe hadi mwakani. Wakikataa, waache.