Vidonge ndani ya begi la shule

Saa moja asubuhi na saa moja usiku. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, hizo ndizo saa za binti yangu kumeza takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini alilopandikizwa, tangu miaka 11 iliyopita, iwe Idi, iwe msiba, iwe siku ya mtihani.

Binti yangu alizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Macho ya njano yalipita wiki 2, choo kikawa cheupe kama unga wa muhogo, nikashauriwa nimwanike juani. (Ukiona choo cha rangi hiyo kwa kichanga, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo: upasuaji wa Kasai, wa kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipite, hufaa zaidi kabla hajatimiza siku 60.) Sisi tulichelewa. Baba yake akamkatia kipande cha ini lake huko India, na lake likakua tena.

Wazazi huniuliza kwa sauti ya chini: wanaishi kweli? Wanaishi. Mwaka 1963, daktari mpasuaji Thomas Starzl alipojaribu kupandikiza ini kwa mara ya kwanza kule Denver, Marekani, mtoto wa miaka 3 alifia mezani. Leo, kwenye hospitali zenye uzoefu, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 huvuka mwaka wa kwanza, na kilichosaidia sana ni dawa hizi zinazouzuia mwili usilishambulie ini geni.

Mwaka wa kwanza hulali, kwa hiyo hukosei sana. Mimi nauogopa zaidi umri wa balehe. Mtoto ana afya, anacheza netiboli, anaona haya kumeza vidonge mbele ya wenzake, nawe umeshachoka kumfuatafuata. Mwili unaweza kuanza kulikataa ini bila maumivu yoyote, mpaka vipimo vya damu viseme.

Mwaka jana nilikuta vidonge 9 ndani ya begi lake la shule. Niligomba mpaka majirani wakasikia, naye akanyamaza. Usiku baba yake alivua shati, akamwonyesha kovu lake, akamsimulia yote tangu mwanzo. Tulikuwa hatujawahi kumsimulia! Sasa kila Jumapili anajipangia dawa za wiki, mimi nahesabu tu. Anzeni mapema, akiwa na miaka 9 au 10.

Machungwa ya Muheza ale. Balungi hapana, hupandisha dawa kwenye damu. Dawa ya dukani au ya miti shamba, muulize daktari wake kwanza. Na mkisafiri kwenda kliniki Dar, vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti, kwani basi letu liliwahi kuharibika Segera kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku.