Kabla hujanunua laptopu nyingine, badili diski (jibu kwa mwalimu wa Ngaramtoni)

Mwalimu, habari za Ngaramtoni. Swali lako nimeona lisijibiwe kwa mstari mmoja. Kwa watakaolisoma baadaye: mwalimu ana HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, Core i5, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya GB 500. Akiiwasha asubuhi inajivuta mpaka chai inapoa, Word inaganda katikati ya kutunga mtihani, Windows 11 imemkatalia, na fundi mmoja wa mjini Arusha amemwambia bodi, yaani ubao mkuu wa ndani, imechoka, aongeze hela apewe laptopu nyingine. Anauliza aongeze au aache.

Acha. Hela hiyo itunze kwanza.

Mimi niko Moshi, na mashine za namna yako ndizo zinazonilisha. Zinaletwa na wanafunzi wa chuo cha Ushirika, wenye maduka ya Mbuyuni, makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za huko Kibosho. Malalamiko ni yaleyale: "imekuwa nzito." Na mara nyingi mno kinachouguza ni kitu kilekile, yaani diski ya kuzunguka. Bodi iliyochoka huwa inazima, haiwaki, inakata USB, inaonyesha michirizi. Bodi haichoki kwa kuwa mvivu. Fundi anayekwambia bodi imechoka bila kukuonyesha kipimo chochote, mwombe akuonyeshe.

Kipimo chenyewe unacho. Washa, subiri mpaka ianze kuganda, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua sehemu ya Performance. Ukikuta Disk imefika asilimia 100 na CPU (prosesa) iko kumi na kitu, jibu umelipata: prosesa imekaa inasubiri. Hapohapo bonyeza Memory uone nafasi ngapi za RAM zimejazwa. Mashine yako ina nafasi mbili, na nahisi moja iko wazi.

Sasa kwa nini diski? Hapa niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana watu wakijua sababu hawarudi tena kwa yule fundi.

Diski ya kwanza kuuzwa ilitoka kwa IBM mwaka 1956, kule San Jose, California, ikiwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo ingeijaza. Sahani zilizunguka mara 1,200 kwa dakika na mkono mmoja ulipanda na kushuka kutafuta ilipo habari. Diski ya laptopu yako, kama ni ya kasi, inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na nyingine nyingi ni 5,400. Kwa hiyo tangu enzi za RAMAC mzunguko umeongezeka mara sita tu. Linganisha na prosesa: IBM PC ya Agosti 1981 ilikuwa na 4.77 MHz, i5 ya mashine yako, kama ni ile 4300U iliyozoeleka kwenye 840 G1, inaanzia 1.9 GHz, ambayo ni karibu mara 400 ukihesabu mapigo peke yake. Ubongo umekimbia, mkono wa chuma umebaki ule ule. Nafasi ya diski imekua mara maelfu kwa maelfu, ndiyo, lakini kuufikisha mkono mahali panapotakiwa bado ni kazi ya chuma kutembea.

Kwa diski ya 7,200, nusu mzunguko ni kama milisekunde 4. Ongeza muda wa mkono kusogea na unapata vipande visivyofika hata 200 kwa sekunde, mara nyingi chini ya 100 kwa diski ndogo za laptopu. Windows ikiamka inaomba vipande vidogo maelfu, vimetawanyika huku na huko. Ni kama ghala la kahawa lenye mtunza mmoja anayetumwa gunia moja pembe hii, moja pembe ile, siku nzima. Ukiongeza antivairasi na masasisho yanayojipakua kimyakimya, mtunza hapumui.

SSD, yaani diski isiyozunguka, haina mkono. Inatumia chipu za NAND, ile aina ya flashi ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliitangaza mwaka 1987. Kipande kinasomwa kwa sehemu ndogo ya milisekunde popote kilipo, na SSD ya kawaida kabisa inatoa vipande makumi elfu kwa sekunde. Ndiyo maana mteja akirudishiwa mashine ananiuliza kama nimembadilishia prosesa. Prosesa ni ileile ya 2013.

Nunua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, inayochomekwa palepale ilipo diski ya zamani. GB 256 inakutosha wewe wa mitihani na matokeo. Muuzaji akikusukumia NVMe, aina nyingine ya SSD, kwa sababu "ndiyo ya kisasa", mwambie asante. Haiingii kwenye nafasi ya diski yako. Na tafadhali, usinunue ile iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Zipo zilizoghushiwa: ukizifungua ndani unakuta kadi ndogo ya simu imegundishwa kwenye bodi, na programu yake imedanganywa itaje ukubwa ambao haupo. Unanakili mafaili, yanaonekana, siku ya kuyafungua hayafunguki. Nunua dukani penye risiti, kisha siku hiyohiyo ijaze yote kwa programu ya kupima kama H2testw kabla hujaweka chochote cha maana.

RAM nayo ongeza, ifike GB 8. Hapa watu wengi wanapoteza hela bure: Intel wa kizazi cha nne kwenye laptopu anataka DDR3L, ya volti 1.35, si DDR3 ya zamani ya 1.5. Kwa macho zinafanana na zinaingia nafasi ileile. Soma lebo: PC3L-12800S ndiyo yako. Ikiwa PC3 bila L, irudishe. DDR4 haiingii kabisa, mkato wake uko mahali pengine, kwa hiyo hiyo haitakudanganya.

Kufungua si kazi. Kifuniko cha chini cha 840 G1 kina kitasa cha kutelezesha, wakati mwingine na skrubu moja. HP walizitengeneza kwa ajili ya ofisi ambazo mafundi wake hawana muda. Zima kabisa, chomoa chaja, ondoa betri kabla ya kugusa chochote. Ukiwa humo ndani, puliza vumbi la kwenye feni. Vumbi la kiangazi la kwenu na la huku kwetu linajaza mapezi ya kupoozea mpaka yanakuwa kama zulia, na prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe.

Kuhusu mafaili, hili lishike kuliko yote: nakili kwanza, fungua baadaye. Diski ya zamani isome kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Ukiona rangi ya njano, au Current Pending Sector (sehemu za diski zinazogoma kusomeka) ina namba yoyote zaidi ya sifuri, usiendelee kuifanyia kazi hata siku moja, toa mitihani yako leo. Ikiwa nzima, ukishabadili inunulie kasha la USB, iwe ghala la nakala. SSD ina tabia moja mbaya ambayo wauzaji hawaisemi: diski ya kuzunguka ikikaribia kufa mara nyingi hugonga na kulia, inakupa siku za kuaga. SSD huweza kuzima tu, hasa kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na kurudisha vilivyomo ni shughuli ya gharama kubwa au haiwezekani kabisa.

Sasa Windows. Kukataliwa kwako kuna sababu: Windows 11 ya rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, ukitoa chache za nyuma yake. Yako ni ya nne. Na Windows 10, iliyotoka Julai 2015, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzima siku hiyo, bado inawaka, ila haipati viraka vya usalama vya bure kama zamani. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida unaofika 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye Settings, penye Windows Update, ukiwa na akaunti ya Microsoft, na njia mojawapo hailipiwi ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Jiandikishe.

Wapo watakaokwambia upakie Windows 11 kwa kuzunguka ukaguzi, kwa flashi ya USB iliyoandaliwa kwa programu iitwayo Rufus. Inafanya kazi, nimeiona ikifanya kazi. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine hizo, na mimi kwa mashine ya kazi, yenye matokeo ya watoto wa watu, siiweki. Ya kuangalizia mpira, sawa.

Njia ambayo ningependa uijaribu ni Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029, haidai leseni, na kwenye i5 yako yenye SSD itateleza. Huhitaji kuisakinisha ndipo uione: iweke kwenye flashi, chomeka, washa ukibonyeza F9, chagua flashi, uichezee jioni nzima bila kugusa Windows yako. LibreOffice, inayofanya kazi za Word na Excel, iko humo ndani. Hiyo LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice, ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili tangu 2004 wakaiita Jambo OpenOffice, kwa hiyo si mgeni sana nyumbani. Jaribu kufungua mtihani wako wenye michoro na hesabu, uone kama mpangilio umekaa. Kisha fungua lile faili la Excel la matokeo. Kama shule yenu inatumia faili lenye makro, lile la kubonyeza kitufe likapanga madaraja lenyewe, uwezekano mkubwa litagoma, na hapo usijitese, baki Windows 10 mpaka mpango ule uishe. Programu za uhasibu za Windows nazo ni hivyohivyo, kwa wale wenye maduka wanaosoma hapa.

Ukibaki na Windows, leseni usiinunue tena. Iliyo halali imefungwa kwenye bodi, si kwenye diski. Ukisakinisha upya na kuunganisha intaneti inajitambua. Ikigoma, huenda aliyekuuzia aliweka ya kuchakachua.

Na lile la mwisho uliloliuliza, la saa kurudi nyuma kila ikikaa bila chaji na tovuti kukataa kufunguka: ni betri ndogo ya saa, ile ya duara. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, kivinjari kinaona vyeti vya usalama vya tovuti havijaanza kutumika, kinakataa. Badili siku hiyohiyo ukiwa umefungua.

Ukifungua kifuniko, kabla hujaenda dukani, andika hapa maneno yote yaliyo kwenye lebo ya RAM iliyomo na namba ya diski. Nitakwambia cha kununua.